Rangi ya kucha: tupeane uzoefu, wewe ilikuingiaje?

#1 (mleta mada)

Wapendwa, habari zenu. Uzi huu nimeuanzisha kwa sababu ya kichupa kimoja, rangi ya damu ya mzee, kilichobaki robo. Nimekaa nacho miezi minane.

Kazini kwetu tunavaa sare. Shati hilohilo, sketi hiyohiyo, viatu vyeusi, nywele zibanwe nyuma. Miaka mitatu nimeamka asubuhi bila kitu hata kimoja cha kuchagua. Siku moja nikapita penye vipodozi, mfukoni sina hela ya nguo wala ya kiatu, nikaona safu ya vichupa vya kila rangi, nikachukua kimoja. Usiku nikapaka. Mkono ulitetemeka, nikachafua ngozi mpaka pembeni. Lakini kesho yake, kila nilipoandika, macho yalikuwa yanarudi kwenye vidole vyangu, na moyo unachangamka.

Hapo nikaelewa jambo ninalotaka tulizungumze. Lipstiki, hereni, kilemba, hata gauni liwe zuri namna gani, anayeliona ni mwenzako. Wewe mpaka utafute kioo. Kucha unaziona mwenyewe mchana kutwa: ukishika kalamu, ukifunga kitasa, ukibonyeza simu. Ni pambo linalomfurahisha mvaaji kabla ya mtazamaji. Na chupa ya mililita 15, ukipaka nyembamba, huanza kuwa nzito kabla hujaimaliza. Sijui nguo gani ya thamani ile ingenifanyia hivyo.

Karibuni. Ulianzaje, rangi gani, na unafanyaje idumu?

#2

Dada, umenigusa penyewe. Baada ya mtoto wa pili, nguo zangu zote zilinikataa. Nikiingia dukani najaribu tatu, nne, natoka nimenyong'onyea, na mama yangu mzazi akawa ananiuliza mbona sijipendi tena. Nilikuwa najipenda. Sikujua tu pa kuanzia.

Rangi ya kucha haina saizi. Haikuulizi kiuno wala kifua. Nilianza na bluu iliyokolea, nikawa napaka mkono mmoja mtoto akilala leo, wa pili akilala kesho. Siku nzima natembea na mkono mmoja wa bluu na mwingine mtupu na wala sikuona haya. Mwili wangu umechukua mwaka na zaidi kunizoea, lakini vidole vilikuwa vyangu tangu wiki ya kwanza.

Nina swali kwa wenzangu weusi wa kukolea kama mimi. Zile rangi za kupauka, waridi nyepesi na zambarau nyepesi, kwangu zinakaa kama chaki. Nyie mnafanyaje?

#3

Mwaya, hiyo chaki ni weupe mwingi uliochanganywa humo. Chagua rangi ileile ila iliyoiva: badala ya waridi nyepesi chukua ile inayokaribia nyekundu, badala ya zambarau nyepesi chukua urujuani. Na usiogope njano! Niliambiwa tangu msichana kwamba njano na chungwa si za ngozi yangu. Nimezivaa miaka sita sasa, na ndizo rangi pekee ambazo watu nisiowafahamu hunisimamisha kuniuliza nimezipata wapi.

#4

Mimi ni mwanaume, na kazi yangu ni kupiga rangi magari. Dada zangu mniruhusu nichangie, maana hapa mnazungumza fani yangu.

Binti yangu ana miaka saba. Mama yake husafiri kikazi, kwa hiyo kucha za Jumamosi ni jukumu langu. Mara ya kwanza nilipofungua kile kichupa, harufu ilinishtua: ni ya karakana kabisa. Nikasoma lebo kwa makini. Nitroselulosi. Miaka ya 1920 magari yalianza kupigwa rangi za nitroselulosi kwa sababu zilikauka haraka, na rangi ya kucha ya kisasa ni ndugu wa damu wa rangi zile. Nitroselulosi inayeyushwa ndani ya ethili asetati na butili asetati. Ukipaka, vimiminika hivyo vinaruka hewani, kinachobaki juu ya kucha ni utando mgumu wenye rangi.

Ukishaelewa hivyo, makosa mengi unayaacha mwenyewe. Ukipaka nene, juu panakauka kwanza na kufungia vile vimiminika chini, ndiyo maana unaamka asubuhi kucha ina alama za shuka. Paka nyembamba, subiri dakika mbili tatu, rudia. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, utaonekana una michirizi. Usiuguse, wa pili utaifunika. Chupa usiitikise, unaiingizia mapovu. Izungushe katikati ya viganja, na vile vigololi vya chuma ndani vitachanganya. Na uso wa kucha lazima uwe mkavu usio na mafuta, kama bodi ya gari. Watu wengi huloweka mikono kwenye maji ya moto kwanza ili kucha ziwe laini. Kucha hunywa maji, hutanuka. Ukiipaka ikiwa imetanuka, ikija kukauka inasinyaa na rangi inaachia.

Pia msipake karibu na moto wala mshumaa. Mvuke wake unawaka.

Binti yangu hutaka kila kidole na rangi yake. Mwanzoni nilibishana naye. Siku hizi napanga vichupa kumi mezani naye ananielekeza, na katika wiki nzima hakuna nusu saa ninayoisubiri kama ile.

#5

Baba, Mungu akutunze. Nimeloweka mikono miaka yote hii nikidhani ndivyo inavyotakiwa.

#6

Mimi ni muuguzi. Kucha zetu zinatakiwa fupi, za kubandika hatuvai kabisa tukiwa na wagonjwa kwa sababu vijidudu hujificha chini yake. Kwa hiyo rangi zangu zinaishi miguuni, ndani ya soksi, na hakuna anayeziona mpaka nivue viatu usiku. Naunga mkono neno la mleta mada kwa nguvu zote: zamu ya saa kumi na mbili najua kuna rangi ya chungwa huko chini, na inanitosha.

Ila niwaambie kitu cha kazini. Mkilazwa kwa upasuaji mtaambiwa mtoe rangi, na wengi hukasirika. Kile kifaa tunachobana kidoleni hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho kupima oksijeni kwenye damu. Rangi nzito, hasa nyeusi, bluu na kijani, zinaweza kukifanya kisome pungufu. Na kucha ikiwa tupu, rangi yake ya asili hutuonyesha kama damu inafika vizuri.

Nilimpokea mama mmoja mtu mzima, amepakwa kijani cha majani na wajukuu zake kwa ajili ya safari ya hospitali. Alikunja ngumi akakataa. Sikumlaumu. Tukakubaliana nitoe rangi ya kidole kimoja tu, kile cha kubana kifaa, na wakubwa wangu wakaridhia. Aliporudi wodini kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua mkono kuhesabu, kisha akaniuliza kama kijani kama kile nakijua kinapatikana wapi, ili amalizie kile kimoja.

#7

Naomba nitoe tahadhari, si kuharibu raha ya mtu. Mwaka juzi kope zangu zilivimba na kuwasha. Nikabadilisha sabuni, nikaacha wanja, nikaacha poda, wapi. Daktari wa ngozi aliniangalia mikono kwanza kabla ya uso, akasema ni rangi ya kucha. Nilidhani amekosea, maana vidole vilikuwa vizima kabisa. Akanieleza kwamba gamba la vidole ni gumu, lakini tunajigusa usoni mara nyingi bila kujua, na ngozi ya kope ni nyembamba mno. Kumbe kuna utomvu wa formaldehaidi unaowekwa ili rangi ing'ae na kushika, na mimi mwili wangu hauutaki.

Sijaacha kupaka. Natumia zisizo na utomvu huo, na nasoma lebo kila mara. Lakini nilipoteza miezi mitano nikitibu mahali pasipo na ugonjwa. Kope zikikusumbua na wewe ni mpakaji, kumbuka kuangalia vidole.

#8

Mimi ni mkimbiaji, mbio fupi. Nilianza kupaka kwa sababu ya picha moja ya mkimbiaji wa Marekani Florence Griffith Joyner, Olimpiki ya Seoul 1988, kucha ndefu zenye rangi, mikono juu ya mstari wa kuanzia. Rekodi zake za mita 100 na mita 200 za mwaka ule bado zinasimama. Kocha wangu wa kwanza alikuwa akituambia mwanariadha wa kweli hana muda wa urembo. Nilikuwa na ile picha kwenye begi.

Nikaanza kusoma historia na sijaacha. Cutex walitoa rangi ya majimaji mwaka 1917, na ndiyo maana wengi wetu bado tunaita kyuteksi hata chupa iwe ya kampuni nyingine. Zile za mwanzo zilikuwa za kupenyeza mwanga, hafifu. Mwaka 1932 ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, pamoja na mkemia Charles Lachman, wakaanzisha Revlon wakiwa na bidhaa moja tu: rangi ya kucha iliyokolezwa kwa unga wa rangi, nzito, inayofunika. Angalieni mwaka. Ni katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, na kampuni ile ikakua kwa kuuza vichupa. Mwaka 2001 uchumi ulipoyumba, Leonard Lauder wa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder alisema mauzo ya lipstiki yanapanda watu wanapobana matumizi. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 watazamaji wa soko wakaanza kusema hivyohivyo kuhusu rangi ya kucha. Mimi sishangai hata kidogo. Asiyeweza kununua kabati jipya bado anataka kitu kipya mwilini.

Na anayependa bluu amshukuru Dineh Mohajer. Alikuwa mwanafunzi Los Angeles, mwaka 1995, akachanganya mwenyewe bluu nyepesi ifanane na viatu vyake kwa sababu madukani haikuwepo. Ikazaa kampuni ya Hard Candy.

#9

Mbona mnajitesa jamani? Wekeni rangi ya jeli, ikaushwe kwenye taa, wiki mbili hugusi.

#10 (mleta mada)

Mpenzi, jeli ni nzuri na inang'aa kuliko zetu, sibishi. Lakini kwangu raha ni kubadilisha. Jumapili jioni nakaa, nafuta rangi ya wiki iliyopita, natazama vidole vitupu kidogo, nachagua ya wiki inayokuja. Jeli ingeninyang'anya jioni hiyo. Halafu kuitoa kunataka subira. Wenzangu wengi huibandua kwa kucha nyingine, na inaondoka na tabaka la juu la kucha yenyewe. Kucha ya mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi. Ukiiharibu utaisubiri nusu mwaka.

Nilichojifunza, nikijumlisha na ya fundi wetu: ile isiyo na rangi ya kutangulia usiiruke, hasa kwa nyekundu na bluu, maana bila hiyo kucha zinabaki na umanjano. Ukipaka, pitisha kiburashi kwenye ukingo wa ncha pia. Rangi huanza kumeguka pale. Ya juu ya kung'arisha rudia baada ya siku mbili tatu. Zenye vimetameta msizikwangue: loweka pamba asetoni, ilaze juu ya kucha, funga kwa karatasi ya foili dakika chache, ukivuta inatoka yote. Kisha mafuta kwenye mzizi wa kucha, kwa sababu asetoni inakausha kweli. Na rangi ikiwa nzito msiongeze asetoni ndani ya chupa, inaiharibu. Kuna kiyeyusho chake maalumu, matone mawili matatu yanatosha.

#11

Nimesoma wote kimya, naomba nimalizie langu.

Mdogo wangu alihamia nchi ya mbali mwaka jana. Usiku wa mwisho tulikaa sakafuni, yeye akanipaka miguu, mimi nikampaka. Zambarau, chupa moja. Uwanja wa ndege alivaa ndala makusudi, mimi pia.

Ya vidole vingine ilichubuka ndani ya wiki chache, nikaifuta. Ya dole gumba la kushoto sikuiweza. Nikawa naipaka ile isiyo na rangi juu kila wiki ili isibanduke. Kucha ya mguu huenda polepole sana, ile ya dole gumba huchukua mwaka na zaidi kuota upya yote. Kila mwezi zambarau ikasogea mbele kidogo, chini yake kucha mpya ikatokea, nami nikawa nakata kijipande. Nikimpigia simu ya video jambo la kwanza aliniambia nielekeze kamera chini. Yeye yake iliisha mapema kuliko yangu, akasikitika, nikamwambia mimi bado ninayo, ni yetu sote wawili.

Juzi nimekata kijipande cha mwisho. Miezi kumi na minne. Chupa bado ina nusu. Amenikataza kuifungua mpaka aje Desemba.