Windows iko kwa Kiingereza, lakini kila programu inajisakinisha kwa Kichina

stationeri_kasese

Habari zenu wakuu. Kuna kompyuta mpakato mbili zilizotumika, Windows 11 Pro, zilizokuja na Kichina. Nimeongeza Kiingereza cha Uingereza na kukiweka kuwa lugha ya Windows, na menyu zote sasa zinasomeka. Shida ni programu. LibreOffice, VLC na dereva ya printa zote zinaanza Kichina tangu dirisha la kwanza la usakinishaji. Tena kuna programu ya zamani ya risiti yenye menyu za Kifaransa, tunayoitumia kwa wateja wanaovuka mpaka wa Kongo pale Mpondwe: kila penye é inatokea herufi ya Kichina, na herufi inayofuata inapotea. Kuondoa na kusakinisha upya hakujasaidia. Wahudumu wanaingia kwa akaunti za kawaida, paswadi ya admini ninayo mimi. Sitaki kufuta Windows nzima kwa sababu kupakua kila kitu tena kutamaliza data. Nianzie wapi?

fundi_arua

Usiifute, hakuna haja. Windows ina mipangilio minne ya lugha inayojitegemea, na wewe umegusa mmoja: lugha ya menyu. Iliyobaki ni muundo wa tarehe na fedha, nchi, na ile inayoitwa system locale, yaani lugha ya programu za zamani zisizojua Unicode (mfumo mmoja wa kuandika herufi za lugha zote). Mtengenezaji wa programu ndiye anayeamua kisakinishi chake kisome upi kati ya hiyo, ndiyo maana menyu za Windows zinaweza kuwa sawa huku programu zikienda njia nyingine.

Pima kabla ya kubadilisha. Fungua Command Prompt kwa haki za admini, andika:

dism /online /get-intl

Soma mstari wa "System locale". Ukikuta zh-CN, yaani Kichina cha China, umempata mmoja wa wahusika. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl, Enter. Njia hii ni nzuri hata kwa mtu ambaye kompyuta yake bado iko kwa Kichina chote, kwa kuwa jina la faili halibadiliki na lugha. Kichupo cha kwanza ni Formats. Chagua Kiingereza cha Uingereza. Nenda kichupo cha mwisho, Administrative, bonyeza "Change system locale", chagua hichohicho. Kisanduku cha UTF-8 (namna ya kuhifadhi Unicode) kilichoandikwa Beta kiache bila tiki. Programu za zamani huharibika kikiwashwa. Windows itaomba kuwasha upya. Kubali, kwa sababu badiliko hili halifanyi kazi kabla ya hapo.

Hilo litatibu programu ya risiti. Chini ya zh-CN, Windows husoma maandishi ya zamani kwa jedwali 936, ambamo herufi moja ya Kichina hubeba baiti mbili. Baiti ya é inachukuliwa kuwa nusu ya kwanza, herufi inayoifuata inafanywa nusu ya pili, na zote mbili zinakuwa herufi moja ya Kichina. Ukiweka Kiingereza, jedwali linakuwa 1252, na hilo linabeba Kifaransa vilevile.

Neno moja kuhusu Formats. Orodha ina Kiingereza cha Uganda, na kwa tarehe na shilingi ni chaguo zuri. Lakini lugha hiyo haikupewa namba yake ya kudumu kama 1033 ya Kiingereza cha Marekani au 2052 ya Kichina. Baadhi ya visakinishi vya zamani hutafuta namba hiyo, na visipoitambua huangukia lugha ya kwanza kwenye orodha yao. Sakinisha kila kitu kwanza ukiwa kwenye cha Uingereza, halafu rudi uweke cha Uganda.

mitandao_jinja

Fundi amesema vizuri, ila jambo kubwa zaidi nadhani limejificha mwishoni mwa swali: akaunti. Mhudumu akiwa kwenye akaunti ya kawaida na wewe ukaandika paswadi ya admini, kisakinishi hakiendeshwi na mhudumu. Kinaendeshwa na akaunti ya admini, na kinasoma mipangilio ya lugha ya akaunti hiyo. Kama Kiingereza ulikiweka ukiwa ndani ya akaunti ya mhudumu, admini bado ni Mchina mtupu.

Ingia kwenye akaunti ya admini yenyewe, si kupitia dirisha la paswadi. Badilisha lugha ya menyu humo, toka, ingia tena. Ukiwa hapohapo, rudi intl.cpl, Administrative, bonyeza "Copy settings", tia tiki visanduku vyote viwili vya chini: kimoja ni cha skrini ya kuingilia pamoja na akaunti za mfumo, kingine cha akaunti mpya. Akaunti za mfumo ndizo huendesha huduma za nyuma, zikiwemo za madereva mengi ya printa. Angalizo: kunakili huku hakugusi akaunti zilizokwishakuwepo. Hizo zinabadilishwa moja moja.

stationeri_kasese

Asanteni sana. System locale ilikuwa zh-CN kwenye zote mbili, na akaunti ya admini ilikuwa Kichina kweli. Nimebadilisha, risiti za Kifaransa zimenyooka. Ila LibreOffice na VLC zilizokuwepo bado ni Kichina. Niziondoe?

tehama_tororo

Hapana, usipoteze MB. Programu ikishasakinishwa, mara nyingi huandika lugha yake kwenye mipangilio ya mtumiaji, na mipangilio hiyo haiondoki unapoiondoa programu. Ukisakinisha upya inakuta maandishi yaleyale. Ndicho kilichokukwamisha mwanzo.

Kwa VLC, bonyeza Ctrl na P. Kwenye kichupo cha kwanza, orodha ya kwanza kabisa juu ni lugha ya menyu. Chagua, hifadhi, funga, fungua.

Kwa LibreOffice, bonyeza Alt na F12, fungua tawi la lugha upande wa kushoto, kipengele cha General. Orodha ya juu kabisa ndiyo lugha ya menyu. Kama Kiingereza cha Uingereza hakimo, hakikuwekwa wakati wa kusakinisha. Tumia cha Marekani, au endesha tena faili lilelile ulilokwishapakua, chagua Modify, uongeze lugha kwenye tawi la "User interface languages". Siku nyingine chagua Custom tangu mwanzo. Ukiacha Typical, kisakinishi kinakuamulia lugha chenyewe.

Kisakinishi kikiendelea kuwa kaidi, kilazimishe. Jaribu kwanza setup.exe /? ndani ya Command Prompt. Likitokea dirisha lenye orodha ya amri na /LANG ikiwemo, andika setup.exe /LANG=english, na kama halikubali, /LANG=en; jina hilo hupangwa na aliyetengeneza. Visakinishi vya aina hii pia hukumbuka lugha ya mara ya mwisho ukisakinisha juu ya toleo lililopo, kwa hiyo kubadilisha Windows peke yake hakutoshi.

Dereva ya printa ndiyo pekee ningeiondoa kabisa. Ondoa programu yake, kisha futa na kifurushi: Win na R, printui /s /t2, chagua dereva, Remove, halafu chaguo la kuondoa dereva pamoja na kifurushi chake. Kikikataa kwa kusema kinatumika, zima huduma ya Print Spooler (ile inayopanga foleni ya kuchapisha), iwashe, jaribu papo hapo kabla haijashika dereva tena. Sakinisha ukiwa ndani ya akaunti ya admini, na uchukue faili kutoka ukurasa wa Kiingereza wa mtengenezaji. Madereva mengine hutolewa kwa lugha moja tu ndani ya faili, na hapo hakuna mpangilio wa Windows utakaolibadilisha.

fundi_arua

Naongeza kwa atakayesoma akiwa na tatizo hili kwenye toleo la Home: andika winver kwanza. Ukiona "Single Language", Windows itakataa kuongeza lugha ya pili ya menyu, na hatua za hapa juu zitarekebisha muundo na system locale peke yake. Menyu zitabadilika kwa kusakinisha upya kutoka kwenye flashi ya Kiingereza ya toleo hilohilo.