Mnaouza safari za Mtae, semeni ukweli kuhusu barabara!

Wakuu, nimerudi juzi kutoka Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima ya Usambara, na hasira haijanitoka.

Nilimpeleka mama yangu. Ana miaka 71 na goti la kulia linamsumbua. Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji wa safari mara mbili, kwa meseji: mama ataweza? Akajibu, "Kaka, gari linafika mpaka juu kabisa, mama hatakanyaga hata jiwe." Nikalipa yote.

Mombo mpaka Lushoto sina neno. Ni lami, kama kilometa 33, nyembamba, kona juu ya kona, mwamba huku na korongo kule, lakini dereva akienda taratibu mnafika salama. Kasheshe ni Lushoto kwenda Mtae. Ukiangalia ramani unaona kilometa 60 hivi, unajisemea saa moja na nusu. Tulitoka saa mbili asubuhi, tukafika saa nane mchana. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku kucha, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Halafu wametuletea Noah! Njia ile, msimu ule, inataka gari linalovuta magurudumu yote manne, na muuzaji anaijua vizuri kuliko mimi.

Tulipopita Lukozi gari likaanza kurudi nyuma, linaelekea bondeni. Tukashuka wote. Mama akapanda mlima kwa miguu karibu nusu saa, kanishika bega, viatu vimejaa tope. Vijana wa pale wakaja na majembe, wakaweka mawe, wakasukuma. Mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa anatoka shamba akampa mama yangu fimbo yake, akaenda zake bila kudai chochote. Dereva akaniambia wale vijana niwalipe mimi. Niliwalipa kwa moyo mmoja, walistahili, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kampuni!

Mtae tukafika. Ukingo ule unaotazama tambarare za Mkomazi mama hakuusogelea, goti lilikuwa limevimba. Alikaa garini. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na kurudi ni njia hii hii?"

Nimedai nusu ya pesa. Jibu: "Mlima ndivyo ulivyo." Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Barabara ya kupanda Lushoto ilichongwa enzi za Mjerumani, mji ukiitwa Wilhelmstal, kwenye miamba, kwa hiyo mlima si kisingizio. Kwenye njia ya Mtae maji yanapita katikati ya barabara kwa sababu mitaro imeziba au haipo, na malori ya kabichi na viazi yanachimba makorongo kila siku. Wakulima wanateseka na njia hiyo mwaka mzima, sisi wageni tumeionja siku moja. Na hata barabara ikiwa mbovu hivyo, kumwambia mteja ukweli hakuhitaji lami. Angeniambia ningempeleka mama kwenye ukingo wa Irente, kilometa chache tu kutoka Lushoto mjini, akaangalia Mazinde kule chini, akarudi hotelini mchana huo huo goti likiwa zima.

Sasa hapokei simu. Risiti ninayo, meseji zote ninazo. Mwenye kujua shauri la namna hii linapelekwa wapi anielekeze, na kama wewe pia umeuziwa safari ya Mtae kwa maneno kama haya, weka hapa.