Kwa nini bustani ya Six Flags New Orleans haikufufuliwa baada ya mafuriko?

MkaziWaHouston ameuliza:

Wanajukwaa, naomba msaada wa kulielewa jambo moja. Mwaka 2023, nikiwa safarini kutoka New Orleans kuelekea Mississippi kwa barabara ya I-10, niliyaona kwa mbali mabaki ya bustani ya burudani ya Six Flags, reli za rolakosta (vigari vya burudani vinavyokimbia na kuzunguka juu ya reli) zikiwa zimesimama juu ya vichaka kama mifupa. Ninafahamu kwamba ilizama katika mafuriko ya kimbunga Katrina, Agosti 2005. Lakini jiji hilohilo lilikarabati maelfu ya nyumba, na uwanja wa Superdome, ambao sehemu ya paa lake iling'olewa na upepo, ulifunguliwa tena mwaka 2006. Kwa nini basi bustani iliyokuwa na umri wa miaka 5 tu iliachwa ioze, ilhali mipango ya kuifufua imekuwa ikitangazwa tangu wakati huo? Kikwazo kilikuwa mitambo, fedha, au kitu kingine?

FundiMota_Mombasa amejibu:

Nitajibu upande wa mitambo peke yake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Bustani ile ilijengwa kwenye kinamasi na kuzungukwa na tuta la udongo la kuzuia maji. Kimbunga kilipokuja, maji yaliingia, pampu zikashindwa kufanya kazi, na tuta lililokusudiwa kuyazuia yasiingie likawa ndilo linaloyazuia yasitoke, hivyo yakatuama kwa zaidi ya mwezi mmoja. Tena hayakuwa maji ya mvua, bali yalikuwa na chumvi. Sisi wa pwani tunaijua chumvi: mota iliyozama hata siku mbili inaweza kukaushwa, kupakwa vanishi na kuzungushwa tena, lakini chumvi iliyokwisha kupenya kwenye nyaya za shaba huendelea kunyonya unyevu, na siku utakayodhani mota imepona ndiyo siku itakayoungua. Kwenye chombo kinachobeba watoto juu kabisa, hakuna mkaguzi atakayeidhinisha jambo hilo.

Kuna chombo kimoja kilichonusurika, nacho kinathibitisha hoja hii. Rolakosta ya Batman ilikuwa na kituo cha kupandia kilichoinuliwa juu ya ardhi, kwa hiyo sehemu zake nyeti hazikuzama sana. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapelekwa San Antonio, Texas, na mwaka 2008 ikaanza kubeba watu kwa jina la Goliath.

KaraniWaMikataba amejibu:

Ndugu Fundi amesema kweli, ila mitambo hununuliwa. Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mafuriko yalimkuta mgonjwa. Bustani ilifunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Jazzland, na kufikia 2002 kampuni iliyoiendesha ilikuwa imefilisika. Six Flags ikachukua mkataba wa kupanga, kwa kuwa ardhi yenyewe ni mali ya umma, na kubadilisha jina mwaka 2003. Baada ya kimbunga kampuni hiyo ilikadiria hasara, ikaona kwamba kujenga upya hakulipi, na mwaka 2006 ikatangaza kuwa haitarudi. Hata hivyo mkataba wake ulikuwa wa miaka 75, kwa hiyo jiji halikuweza kumkabidhi mtu mwingine ardhi hiyo hadi kampuni ilipoomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2009. Miaka minne ilipotea hapo, huku kutu ikiendelea na kazi yake.

Kisha zikaja ahadi: bustani yenye jina la Nickelodeon, chaneli ya televisheni ya watoto, halafu maduka ya bei nafuu. Wapigapicha za sinema ndio pekee waliopata faida ya haraka kutokana na magofu yale.

BintiWaPwani amejibu:

Ninakubaliana na Karani kuhusu mkataba, lakini "hakulipi" ni hesabu ya mwekezaji. New Orleans East, sehemu ya jiji ilikojengwa bustani hiyo, ni eneo ambalo wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Zamani walitengewa ufuo wao wa burudani, Lincoln Beach, kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia Pontchartrain Beach, ufuo wa burudani wa wazungu. Ubaguzi huo ulipokoma mwaka 1964, Lincoln Beach ikafungwa. Kwa hiyo Jazzland kufunguliwa katika eneo lao lilikuwa jambo kubwa, na kuachwa kwake kukawa jeraha la pili mahali palepale. Ndiyo maana wakazi hawakuchoka kuhudhuria vikao vya jiji.

MkaziWaHouston amerejea:

Asanteni nyote. Je, yale mabaki niliyoyaona bado yapo?

KaraniWaMikataba amejibu:

Ubomoaji ulianza mwishoni mwa 2024. Mwaka 2021 jiji lilichagua mradi wa Bayou Phoenix, unaokusudia kujenga bustani ya michezo ya maji, viwanja vya michezo na hoteli. Utaona kwamba si ufufuaji wa kile kilichokuwepo, bali ni matumizi mapya ya ardhi ileile.

FundiMota_Mombasa amejibu:

Na ardhi ileile bado iko chini. Ningekuwa mkazi wa pale, swali langu la kwanza kwa wajenzi lingekuwa vyumba vya umeme na pampu vitawekwa kwenye kimo gani.