MADA: Paa gumu la kukunja limeandikwa "kupe" kwenye fomu ya ukaguzi

Kutoka: Mrejea, Moshi

Wapendwa wanajamii,

Natumaini mko salama huko mliko. Nilirejea nyumbani katikati ya Januari baada ya miaka 11 Leicester, na gari langu, Mazda MX-5 ya mwaka 2009 yenye paa gumu la kukunja, lilifika wiki mbili zilizopita kwa meli ya magari iliyotoka Southampton. Nimeomba msamaha wa ushuru wa mkazi anayerejea, na kila niliyemuuliza aliniambia kwamba V5C (cheti cha usajili wa gari cha Uingereza), ankara ya ununuzi, karatasi za bima za miaka mitatu na pasipoti vinatosha. Havikutosha. Ofisi sitaitaja, kwa kuwa faili langu bado liko mezani kwao.

V5C inasema kwamba bodi ni ya paa la kufunuka. Ankara inasema "MX-5 Roadster Coupe", maana ndivyo Mazda walivyoliita toleo la paa gumu walipoliuza Uingereza. Afisa wa ukaguzi alilizunguka gari mara mbili, akagonga paa kwa kifundo cha kidole kama mama anayechagua fenesi sokoni, akasema, "Hili si turubai." Nikamweleza kwamba paa hili hujikunja lenyewe kwa sekunde 12 na kulala nyuma ya viti. Akaniambia nilikunje. Betri ilikuwa imekufa baharini, hata taa ya ndani haikuwaka. Akaandika "kupe", yaani coupe, gari la paa lisilofunuka, na sasa wa dirishani anasema gari lililokaguliwa si lile lililo kwenye hati zangu.

Ninachouliza ni hiki: niombe ukaguzi urudiwe, au niwaandikie DVLA, wasajili wa magari wa Uingereza, wabadilishe V5C? Na aliyewahi kuleta gari la namna hii, aina ya bodi aliijaza kwa neno gani?

Kutoka: Dada wa Reading

Kaka Mrejea, pole sana, na utusalimie mlima.

Tafadhali usiwaandikie DVLA. Ulipolisafirisha gari ulitakiwa ukate kipande cha V5C/4 uwapelekee, nawe ubaki na karatasi iliyosalia. Tangu siku hiyo wao wanahesabu kwamba gari limeshahama nchi. Ukianza kuwauliza habari za bodi sasa, utafungua mlango ambao hutaweza kuufunga ukiwa Moshi.

Sisi gari la mume wangu liliandikwa rangi ya fedha huku, huko likaandikwa kijivu, na neno hilo moja lilitugharimu wiki tano. Hatimaye alitokea afisa mmoja mwenye umri mkubwa, akatoka nje, akalitazama gari juani, akaandika fedha, yakaisha. Sijui kama hilo linakusaidia.

Kuhusu paa lenyewe, nakusifu kwa kuchagua gumu. Langu la turubai lilichanwa kwa wembe katika maegesho ya stesheni kwa ajili ya miwani ya jua iliyonunuliwa pauni tano. Tangu siku hiyo siachi kitu ndani na mlango siufungi kwa ufunguo, kwa sababu ni nafuu mwizi afungue mlango kuliko apitie juu.

Kutoka: Mzee wa Machame (zamani Hamburg)

Wanangu, salaam.

Kwanza nirekebishe jambo ambalo hurudiwa hapa kila mwaka. V5C si hati ya umiliki. Imeandikwa hivyo juu yake yenyewe: inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa. Masharti ya msamaha katika sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ni kwamba uwe umelimiliki na kulitumia gari nje ya nchi wanachama kwa muda usiopungua miezi 12, na siku za melini hazihesabiwi. Kwa hiyo kinachothibitisha umiliki wako ni ile ankara, nayo ndiyo yenye jina lililoleta balaa. Wa dirishani hakukosea kushtuka.

Pili, naona mnalisifu paa gumu kana kwamba limevumbuliwa juzi. Mfaransa mmoja, daktari wa meno aitwaye Georges Paulin, alilibuni, na Peugeot wakalitoa kwenye 401 Eclipse mwaka 1934. Wamarekani wakalijaribu kwenye Ford Skyliner mwaka 1957, wakaliacha miaka miwili baadaye. Halikuenea hadi Mercedes walipotoa SLK mwaka 1996, na hapo kila kiwanda kikataka lake. Sasa tazameni wamefikia wapi. Mercedes SL lilikuwa na paa gumu tangu 2001, na lililotoka 2021 lina turubai. BMW Z4 ya 2009 ilikuwa na paa gumu, ya 2018 ina turubai linalofunguka kwa sekunde 10 huku gari likitembea hadi kilomita 50 kwa saa. Waliolisambaza paa gumu duniani ndio hao hao wanaolikimbia, kwa sababu ni zito, lina mota, bawaba na sensa nyingi, na likilala hula buti lote.

Nimeendesha turubai miaka 14 kwenye theluji ya Hamburg. Turubai la siku hizi lina tabaka kadhaa na kioo halisi nyuma chenye nyaya za kuyeyusha barafu. Anayelifananisha na hema la mnadani hajawahi kulishika kwa mkono.

Kutoka: Mkazi wa Nagoya

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, kusema paa gumu hula buti lote ni kweli kwa SLK, lakini si kwa gari la ndugu yetu anayeuliza. Wahandisi wa Mazda walilikunja paa la MX-5 ile ndani ya shimo lile lile linalolala turubai, kwa hiyo buti halikupungua hata lita moja, na uzito uliongezeka kwa chini ya kilo 40. Abiria mmoja mwembamba ana uzito kuliko hizo. Naomba tusiyahukumu mapaa yote kwa kosa la Mjerumani mmoja.

Mimi nina Daihatsu Copen ya 2004. Injini sentimita za ujazo 659, turbo, silinda nne, paa gumu la umeme, na gari zima linaingia kwenye kibanda ambacho nyumbani tungefugia mbuzi. Likikunja paa, kweli, buti linabaki na nafasi ya mwavuli na bento, kile kikasha cha chakula cha mchana. Lakini ndugu mnaofikiria kurudi, kumbukeni kwamba injini iliyo chini ya 1000 haina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, wakati ya Mrejea, kama ni ya lita mbili, ina asilimia 5 msamaha ukikataliwa.

Na habari njema kwa wanaosubiri: katika maonyesho ya Tokyo ya Oktoba 2023 Daihatsu walionyesha Vision Copen, yenye injini ya lita 1.3 na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mazda nao siku hizo hizo walionyesha Iconic SP, nyekundu, taa zake huibuka kutoka kwenye boneti, na injini ya rotari inayofua umeme. Nilisimama mbele yake dakika 20, watu wa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Kila mtu aliita "MX-5 mpya", ingawa ile ilikuwa na paa lisilofunuka kabisa. Kwa maneno ya afisa wetu, hiyo ndiyo kupe.

Kutoka: Mama wa Njiro, Arusha

Samahani, sisi watu wa Arusha kupe tunampeleka josho.

Nilirudi kutoka Utrecht miaka minne iliyopita, nikaja na gari la turubai, na naomba niseme ukweli wa huku kwa sababu naona mnazungumzia theluji na Tokyo. Adui wa turubai Arusha si wembe, ni mjakaranda. Mwezi wa Oktoba na Novemba maua yale ya zambarau yanapendeza kwenye picha mnazotumiana, lakini yakilala usiku kucha juu ya turubai lenye umande yanaacha utomvu ambao maji hayautoi. Halafu yanasagika na kuingia kwenye vitundu vya kutolea maji. Vuli ya kwanza sikujua kama vitundu hivyo vipo. Asubuhi moja nilikanyaga breki nikasikia chubwi, kapeti lote likiwa limelowa chini ya miguu. Fundi alichomoa kwa waya wa pazia donge la majani na matope lenye urefu wa kidole.

Na msidhani paa gumu limenusurika, kwa sababu vitundu ni vile vile, na ile mipira ya kuzuia maji ikiliwa na vumbi huanza kulia. Jirani yangu ana paa gumu: kila akipita tuta linalia kama kitanda cha kamba, na kati ya kwangu na mjini matuta nimeyahesabu, 23.

Tofauti kubwa ni fundi. Turubai langu lilipochakaa pembeni, fundi anayeshona viti vya daladala alilitia kiraka kwa uzi wa nailoni, siku hiyo hiyo, nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nakunywa chai. Mota ya paa gumu utamwambia nani aishone?

Kutoka: Mkazi wa Doha

Mama wa Njiro, umenikumbusha vumbi la Kwa Sadala mwezi wa Septemba, na leo hapa ni nyuzi 44.

Ila hakuna anayesema jambo lenyewe. Kwa nini mtu aliyelitunza gari lake kwa mikono yake alipe asilimia 30 ya uchakavu kwa sababu tu limepita miaka kumi, juu ya ushuru wa asilimia 25 na VAT ya 18? MX-5 ya 2009 yenye kilomita 60,000 ni chakavu kuliko gari la kukodisha la miaka mitatu lililopondwa na kupakwa rangi? Wakubwa wangekuwa wanapita barabara ya vumbi paa likiwa wazi, kila kijiji kingekuwa na lami.

Kutoka: Mzee wa Machame (zamani Hamburg)

Mwanangu wa Doha, Mrejea ameomba msamaha wa ushuru. Asilimia zako hazimhusu mpaka anyimwe. Tusome barua kabla ya kujibu.

Kutoka: Dada wa Reading

Naungana na Mzee, na niongeze kwamba hakuna aliyemkumbusha Mrejea zile siku 90. Mzigo wa anayerejea unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu yeye alipofika, na nyongeza ni kwa ridhaa ya Kamishna wa Forodha. Kaka, hesabu vizuri.

Kuhusu magari mapya, nimeliona MG Cyberster hapa mtaani kwetu: la umeme, paa la turubai, milango inapanda juu kama mbawa za kumbikumbi. Mwenye nalo alishindwa kushuka kwenye maegesho ya ghorofa kwa sababu ya dari.

Kutoka: Mkazi wa Nagoya

Milango ile ina sensa, husimama kabla ya kugusa dari. Atakuwa aliogopa mwenyewe.

Kutoka: Mrejea, Moshi

Wapendwa,

Nawashukuru wote. Siku 90 nimezihesabu, gari liliingia kabla hazijaisha. Nilikuwa nimejiwekea kwamba nikilipata hili nalitunza hadi Mazda watoe jipya, ndipo nichague kati ya turubai na paa gumu, lakini kwa mwendo huu jipya litanikuta nikiwa dirishani.

Jana niliamua kuomba ukaguzi urudiwe. Nilikodi betri kwa fundi wa Majengo, nikaenda nayo kwenye pikipiki nikiwa nimeipakata, na afisa yule yule, nimpe haki yake, alikubali kutoka ofisini. Madereva wa malori nao walikuja. Nikafungua komeo la kati, nikabonyeza swichi. Kifuniko cha nyuma kikainuka, vipande viwili vya paa vikaanza kuachana, watu wakapiga makofi, na afisa akatoa kalamu mfukoni.

Paa lilisimama katikati. Betri ya fundi nayo ilikuwa imechoka. Kipande cha mbele kiko hewani, kifuniko kimesimama kama boneti ya lori lililoharibika, na swichi haijibu kwenda wala kurudi. Afisa alilitazama muda mrefu, akairudisha kalamu, akasema nije Alhamisi.

Mawingu ya masika yameshafunika Kibo tangu alasiri. Anayejua namna ya kulishusha paa hili kwa mkono bila kuvunja bawaba, naomba aandike leo.

Kutoka: Mzee wa Machame (zamani Hamburg)

Nenda Mbuyuni kabla hawajafunga, ununue turubai.