Tupeane uzoefu: mimba changa ilikutesa vipi, na nini kilikaa tumboni?

Bibie wa Segerea
Za mchana wanajamvi. Leo kwenye daladala nimekaa na binti mmoja, yeye siti ya dirishani, kavaa vizuri kabisa, ila mkononi ana kopo la Blue Band amelifunika na leso. Kila tukisimama kituoni anafunua kidogo, anatema mate, anafunika. Tabata Relini akapanda mama na ndoo ya dagaa. Binti akafunua kopo, na safari hii hayakuwa mate. Konda akaanza, "Dada si ungepanda bajaji." Nilimjibu mimi huyo konda, maana binti hakuwa na nguvu ya kujibu mtu. Mwanangu yuko darasa la tatu, lakini nimeshuka Buguruni mate yamenijaa mdomoni kama vile ndiyo jana.

Basi leteni. Harufu gani ilikuwa adui yako? Mimi ni kitunguu kikigusa mafuta ya moto. Jirani akianza kukaanga saa tano, natoka nakaa chini ya mwembe mpaka wamalize kula na kuosha vyombo. Kilichokaa ni barafu za ukwaju. Nne kwa siku. Mama yangu akasema mtoto atazaliwa na mafua.

Chausiku_Mbagala
Barafu za ukwaju jamani. Naunga mkono hoja.

Kidume wa Pugu
Mama zetu walibeba mimba kumi, wakalima na kuchota maji, hatukusikia habari za kichefuchefu. Siku hizi mnadeka.

Ndimu na Chumvi
Hukusikia kwa sababu ulikuwa tumboni. Kaa pembeni.

Mama wa Kimara
Nilikuwa napita tu, ila hapo kwa konda nimeshindwa kunyamaza. Itakuwa ndefu, mnisamehe.

Mimba ya kwanza, naishi Kimara Mwisho, kazi Posta. Ilianza wiki ya sita. Watu wanasema "ya asubuhi", yangu ilikuwa ya asubuhi, mchana, na saa nane za usiku. Mwendokasi wa saa kumi na mbili mnaujua, pua yako iko kwapani kwa mtu na huna pa kuipeleka. Rambo zilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na hii mifuko mbadala ya kitambaa, jamani, inavuja. Nililijua hilo tukiwa Magomeni Mapipa, na suruali ya kaka wa watu aliyenipisha siti ililijua pia. Kuanzia siku hiyo nikawa nashuka Shekilango, natapika mtaroni, nakata tiketi nyingine. Kuna siku nilifika kazini na tiketi tatu.

Wiki ya nane maji yakagoma. Nakunywa kijiko kimoja, kinarudi kijiko na nusu. Nilianza na kilo 61, wiki ya kumi mzani ukasoma 54. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, halafu ukawa hautoki kabisa. Usiku mmoja nikatapika nyongo ya kijani, nikatapika tena, ikaja na michirizi ya damu. Mume yuko Dodoma kikazi. Nikatambaa mpaka mlangoni kwa mama mwenye nyumba, nikagonga kwa kandambili kwa sababu ngumi ilikuwa haina nguvu.

Kituo cha kwanza tulichofika, sikitaji, aliyekuwa zamu alinitazama kutoka kwenye kiti chake akasema, "Mimba si ugonjwa, nenda kanywe tangawizi." Hakupima hata presha. Yule mama mwenye nyumba hakugombana naye. Alitoka akamwambia dereva wa bajaji, "Usizime, twende kwingine." Huko kwingine nikakuta daktari kijana, akachovya kijiti kwenye ule mkojo kidogo niliofanikiwa kuutoa, kikageuka zambarau. Akasema mwili umekosa chakula mpaka umeanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Akataja jina refu, haipaemesisi. Nililia, mwenye nyumba akadhani ni uchungu wa sindano. Nililia kwa furaha kwamba kumbe kina jina.

Dripu siku nne. Binti yangu ana miaka minne sasa, anakula kila kitu, hata chaki.

Mtoto wa Ilala
"Kijiko na nusu." Nimecheka halafu nikajisikia vibaya. Pole mama.

Kidume wa Pugu
Pole dada. Wewe uliumwa. Mimi naongelea hawa wengine.

Mama wa Kimara
Hawa wengine ni haohao, kaka. Mwaka 2023 watafiti wa Cambridge na wenzao wa Marekani walitoa kwenye jarida la Nature kwamba kuna homoni inaitwa GDF15, inamwagwa na kondo la mtoto, na mwili ambao haukuizoea kabla ya mimba ndio unaoumia zaidi. Huko kudeka unakosema kunaonekana kwenye damu.

Nesi Mstaafu
Wanangu, nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi hapahapa mjini. Huyu wa Kimara alikuwa hatarini, na wako wengi wanaambiwa "mimba si ugonjwa" mpaka wanaletwa wamebebwa. Ukiona mkojo umekolea au hujakojoa tangu asubuhi, unarudisha kila unachokunywa siku nzima, ukisimama dunia inazunguka, au umetapika damu, usisubiri Jumatatu. Na lingine, hapa kwetu ukitapika huku mwili una moto, kapime malaria siku hiyohiyo. Mimba haileti homa, msiisingizie.

Kichefuchefu cha kawaida huanza wiki ya 5 au 6, hukolea karibu na ya 9, wengi hupumzika kati ya wiki ya 14 na 16. Adui wa kwanza ni tumbo tupu. Lala na mkate mkavu au bisi kando ya mto, utafune kabla hujainua kichwa, kaa robo saa, ndiyo uamke. Kula kidogo kidogo. Maji kunywa baada ya chakula kushuka, usishushie. Vile vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki mezeni usiku mkishakula. Vikikutapisha bado, mwambie nesi wako. Msivitupe dirishani, nawajua.

Mtoto wa Ilala
Shikamoo nesi. Mimi nilivitupa dirishani.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Najua.

Ndimu na Chumvi
Mimi nilipewa vitamini B6 na promethazini ya usiku. Nililala kama gunia la mkaa, nikaamka na njaa. Njaa! Nilikuwa nimeisahau inafananaje.

Kidume wa Pugu
Endeleeni kumeza. Ulaya dawa za kichefuchefu zilizaa watoto wasio na mikono. Someni historia.

Nesi Mstaafu
Hiyo ni thalidomaidi, mwanangu. Iliingia sokoni Ujerumani 1957, ikaondolewa 1961, na leo hakuna anayempa mjamzito. B6 sio hiyo. Ila kununua dawa dukani kwa kuonyesha kidole, "nipe kile cha njano", hapo nakubaliana na wewe, waache.

Kidume wa Pugu
Nimepata hata pointi moja, nashukuru.

Fundi Rangi
Wanaume turuhusiwe kidogo. Mke wangu hakuchukia kitunguu wala dagaa. Alinichukia mimi.

Kazi yangu ni rangi, nikirudi nanuka tina. Nikaoga na sabuni ya mche, akasema sabuni ndiyo mbaya zaidi. Nikaoga maji matupu, akanusa akasema, "Sasa unanuka wewe." Nikahamia kibarazani na godoro la inchi nne. Ni nyumba ya kupanga, Tandika, vyumba sita, kila anayekwenda chooni usiku ananiruka. Wiki ya pili taarifa ikafika kwa mjumbe kwamba nimefukuzwa ndani kwa kumpiga mke. Ngoja mteja ananipigia, narudi.

Chausiku_Mbagala
Mkuu usituache kibarazani!!

Mtoto wa Ilala
Nimevuta kigoda.

Mama Mapacha
Wakati tunamsubiri fundi. Mimi ni udongo wa Pemba, ule wa vitofali. Bila udongo nilikuwa siamki. Nilikuwa nao kwenye pochi, kwenye droo ya ofisi, hadi kwenye sidiria.

Ndimu na Chumvi
Udongo una minyoo, dada.

Mama Mapacha
Wangu niliuoka.

Ndimu na Chumvi
Umeoka udongo? Kwa nyuzi joto ngapi?

Mama Mapacha
Wewe kula ndimu zako, nikae na udongo wangu. Kila mtu na tumbo lake.

Nesi Mstaafu
Ukitamani udongo kiasi hicho kapime wingi wa damu. Mara nyingi iko chini, na udongo wenyewe unazidi kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Unakula kinachokuongezea hamu.

Mama Mapacha
Nilikutwa na 8.2, sibishi. Ila ulikuwa mtamu.

Chausiku_Mbagala
Mie ninavyojua ukitapika sana ni mtoto wa kike. Dada zangu wote watatu.

Mtoto wa Ilala
Uongo, mimi nilizaa dume na nilitapika mpaka nikasahau jina la shule niliyosoma.

Mama Mapacha
Mimi nilizaa wa kike na wa kiume siku moja. Sasa hapo nani alinitapisha?

Fundi Rangi
Nimerudi. Mjumbe akaitisha kikao, Jumapili saa kumi jioni, kwake. Shemeji akatoka Chanika, mama mkwe akatoka Mkuranga na mkoba kabisa, maana yake amekuja kumchukua mwanawe. Wamekaa mkekani, mimi nimekaa kizingitini ili upepo usimpelekee mke wangu harufu yangu. Hatukuwa tumemwambia mtu, ni wiki ya nane, na mwenyewe alitaka ikae kwanza.

Mjumbe kafungua daftari, kaandika tarehe, kaandika majina yetu. "Haya binti yangu, mume amekukosea nini?"
Mke akasema, "Ananuka."
Kimya.
"Ananuka nini? Pombe?"
Akatikisa kichwa.
"Mwanamke mwingine?"
Mama mkwe akaanza kujifunga kanga kiunoni. Mimi naangalia viatu vyangu viko wapi.

Hapo ndipo mke wa mjumbe akaingia na sinia la kalimati, za moto, hiliki inapanda hadi darini. Mke wangu akashika mdomo, akatafuta njia. Njia iliyokuwepo ilipita kwa mjumbe. Akatapika kwenye daftari la kikao, juu ya majina yetu yote mawili.

Mama mkwe akalitazama daftari, akamtazama mwanawe machoni, akafungua kanga kiunoni na kupiga kigelegele. Nyumba sita zikasikia. Shemeji akala kalimati zote.

Chausiku_Mbagala
Nimekufaaaa

Bibie wa Segerea
Uzi wangu umechukuliwa na nimeridhia.

Mama wa Kimara
"Shemeji akala kalimati zote." Kila familia anaye.

Kidume wa Pugu
Na daftari?

Fundi Rangi
Nilimnunulia jingine, shilingi 2,500. Mjumbe akaniambia, "Kesi imefungwa, lakini na wewe kaoge." Nililala kibarazani mpaka wiki ya kumi na tano. Siku aliyoniita ndani niliingia na godoro kichwani, majirani wakashangilia.

Mgeni wa GMboto
Shikamooni wakubwa, hamjambo wengine. Mimi niko wiki ya saba. Hivi ninavyoandika nimejifungia choo cha ofisini, hakuna anayejua hapa zaidi ya nyie. Asubuhi nimetapika mara nne kabla ya kufika Tazara. Nimesoma uzi mzima nikachanganyikiwa. Nile nini?

Ndimu na Chumvi
Kata ndimu, nusa, lamba na chumvi.

Mtoto wa Ilala
Ndimu itakuchoma kifua na tumbo tupu. Kula embe bichi na pilipili.

Ndimu na Chumvi
Na embe bichi haimchomi??

Chausiku_Mbagala
Stoney ya baridi, ila itoe gesi kwanza.

Mama Mapacha
Usinywe baridi mdogo wangu. (Kuhusu udongo sisemi kitu, nesi yupo.)

Kidume wa Pugu
Tangawizi mbichi, kipande kama kidole, iponde uchemshe. Mke wangu ilimsaidia mimba zote tatu.

Ndimu na Chumvi
KUMBE?! Si ulisema wanadeka?

Kidume wa Pugu
Nilisema wengine.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, usihangaike na chakula cha maana wiki hizi, utakila baadaye. Tafuta kikavu, kisicho na harufu, kilichopoa. Mhogo wa kuchemsha, kiazi, mkate. Vipande viwili vitatu. Na kliniki nenda mapema, usisubiri tumbo lionekane.

Mgeni wa GMboto
Asante mama. Mlinzi kanitafutia mhogo hapo nje. Nimerudi mezani. Nimekula vipande viwili na chumvi.

Umekaa.

Bibie wa Segerea
Dakika ngapi?

Mgeni wa GMboto
Kumi na mbili.

Mama wa Kimara
Usiiname. Kitu kikianguka kiache hukohuko.

Mgeni wa GMboto
Ishirini sasa. Jamani naona kama nitaweza.

Fundi Rangi
Tupo na wewe, hatupumui.

Mgeni wa GMboto
Kuna mtu amepasha samaki.