Fatibaiki kwa mtu wa pwani: ninunue au niachane nayo? Na ipi kati ya hizi mbili?

Pweza_Mkavu
Habari za humu wakuu. Nimechoka na daladala na bodaboda, nataka baiskeli, na roho yangu imeangukia kwenye hizi fatibaiki za matairi manene wanazokodi wageni huku pwani. Nimepata mbili. Ya kwanza mpya kabisa, ya chuma, ya Kichina, gia saba nyuma, breki za diski za waya, laki tisa na nusu. Ya pili mtumba, Trek Farley ya aluminiamu, breki za mafuta, mwenyewe anataka milioni moja na laki sita ila anasikiliza. Nichukue ipi? Keshokutwa natakiwa kumjibu huyu wa mtumba maana kuna mtu mwingine anaitaka.

FundiSpoki
Kaka hujasema unakaa wapi, unaenda wapi, njia ya mchanga au lami, una kilo ngapi, utabeba mzigo au la. Na hiyo Farley ni ringi 26 au 27.5? Zipo za aina zote mbili. Tairi nene ya 26 utahangaika lakini utapata, ya 27.5 utaagiza nje na kusubiri. Angalia ubavuni mwa tairi imeandikwa nini, kama ni 26x4.0 au 27.5x4.5, uje utuambie. Bila hapo tunabahatisha tu.

MtuWaUkunda
Salaam kutoka Diani, Kenya. Mimi nasema chukua ya tairi nene na usisikize mtu. Nimeendesha baiskeli za kawaida mchangani miaka na miaka, unazama, unashuka, unasukuma. Siku nilipopanda tairi la inchi nne nikaona mambo ni mengine kabisa. Siri yake ni upepo. Lamini jaza kama psi 15 hadi 20 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), ukiingia mchanga mlaini toa mpaka 6 au 8, tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa. Tazama alama unayoacha nyuma: ukiona mfereji bado una upepo mwingi, ukiona vifundo vya tairi tu vimejichora juu ya mchanga kama muhuri, hapo ndipo penyewe. Hizi geji za kwenye pampu za kawaida haziwezi kusoma upepo mdogo hivyo, tafuta geji ya psi chache.

Mzee_Phoenix
Vijana mnapenda gharama. Wavuvi wa huko kwenu wanapita ufukweni na Phoenix ya ringi 28, nyuma kuna tenga la samaki, na hawazami. Kwa nini? Wanasubiri maji yapwe, wanapita kwenye mchanga ulioshikana karibu na maji. Hiyo njia ni ngumu kama sakafu. Laki tisa unapata Phoenix na chenji ya kununulia spea za miaka, na kila kijiji kina fundi anayeijua. Fatibaiki ikiharibika Makunduchi nani ataigusa?

MtuWaUkunda
Mzee shikamoo, lakini Phoenix haina gia na breki zake za vyuma zikilowa maji ya chumvi ni kuomba Mungu. Sisi huku tunaiita Black Mamba na tunaiheshimu sana, ila kila kitu na mahali pake.

Dada_wa_Pangani
Ngoja niwaambie yaliyonikuta mimi ili mtu asije akalia. Nilinunua mpya ya chuma, aina hiyo hiyo anayosema mleta mada, duka moja Dar sitalitaja, nikaisafirisha kwa basi mpaka Pangani maana nina kibanda cha chakula upande wa Ushongo na nilitaka kufuata samaki mwenyewe asubuhi bila kutegemea mtu. Mwanzo raha tupu, inapita mchangani kama haipo, watoto wanaikimbilia. Baada ya muda si mrefu gurudumu la nyuma likaanza kulia, kwanza kidogo kama panya, halafu ikawa ukiacha kukanyaga pedeli cheni inalegea na kuning'inia kwa sababu friwili imekwama. Nikapeleka kwa fundi akafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, jamani, grisi hakuna, beringi zimegeuka tope la rangi ya kahawia, unatia kidole linatoka kama uji. Beringi tulipata Tanga, lakini ekseli yake ni ndefu kuliko ya baiskeli yoyote pale dukani kwa sababu habu ya fatibaiki ni pana, ya kawaida haiingii. Nikapiga simu kule nilikonunua, wakaniambia nilete baiskeli nzima. Nitoke nayo Pangani mpaka Dar kwa ajili ya ekseli! Nikawatumia picha na vipimo kama walivyotaka, wakasema wataangalia, baadaye simu ikawa haipokelewi. Hapo hapo tyubu ikachanika kwenye shina la valvu, na tyubu ya inchi nne huku haipo. Fundi akaniwekea tyubu ya 26 ya kawaida, ile pana kidogo, akaivuta taratibu ikakubali, na mpaka leo inashika upepo, huyo namshukuru. Lakini gurudumu la nyuma lilikaa juu ya banda kuanzia kusi mpaka kaskazi likisubiri ekseli. Baiskeli ninayo, siipendi tena.

Theluji_na_Mie
Pole sana dada. Niko Minnesota, kwa hiyo niwape upande wa pili. Huku ndiko kwa Surly, kampuni iliyotoa Pugsley mwaka 2005, ndiyo iliyofanya tairi nene ziuzwe madukani. Kabla ya hapo zilikuwa kazi za mafundi wachache wa Alaska kwa ajili ya theluji na wa New Mexico kwa ajili ya mchanga wa jangwani. Kwa hiyo mchanga si jambo geni kwake, ilizaliwa nao. Kilichoua habu ya dada ni chumvi. Huku barabara zinamwagwa chumvi majira yote ya baridi na baiskeli zinaoza vilevile. Ninachofanya: nikirudi naimwagia maji matamu ya ndoo, si ya presha maana presha inasukuma chumvi ndani ya beringi, nafuta cheni na kitambaa, naweka oili, na kila baada ya muda nafungua habu naweka grisi mpya. Hizi za bei nafuu mara nyingi zinatoka kiwandani na grisi kiduchu, kwa hiyo ukinunua mpya ya chuma siku ya kwanza usiipande, ipeleke kwa fundi afungue habu mbili na ekseli ya pedeli ajaze grisi. Ndani ya fremu ya chuma pia mwaga oili, maana kutu inaanzia ndani usikoona.

FundiSpoki
Huyu kaongea kifundi. Mimi nikiletewa ya namna hiyo jambo la kwanza ni kufungua habu.

Kaka_Rotterdam
Mbona hakuna anayezungumzia ya umeme? Huku Uholanzi ukisema fatibaiki watu wanaelewa moja kwa moja ile ya umeme ya tairi 20x4. Kanuni ya Ulaya ni mota ya wati 250 na msaada wa mota ukatike kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa mtu wa kazini ni nzuri, hutoki jasho.

Mzee_Phoenix
Hizo ndizo watoto wa huko wanafungua zile kufuli za mwendo wanakimbia kama pikipiki, na wananchi wamezilalamikia sana. Halafu betri na maji ya bahari wapi na wapi.

Kaka_Rotterdam
Mzee tatizo hapo ni wanaozichokoa, si baiskeli. Kisu kinakata nyama na kinakata kidole, hatuachi kununua kisu. Na betri nzuri imefungwa, haipitishi maji kirahisi.

MtuWaUkunda
Kirahisi! Mawimbi ya Diani yana adabu gani? Tusimtoe mwenzetu kwenye reli, yeye hakuuliza umeme. Pweza uko wapi, jibu maswali ya fundi.

Pweza_Mkavu
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Nakaa Jambiani, Unguja, kazi yangu hotelini Paje, kama kilomita saba hivi. Naingia saa nane mchana natoka saa tano usiku. Nina kilo 92. Tairi za Farley nimeuliza, ni 27.5x4.5. Mzigo sina, begi tu. Ndoto yangu nipite ufukweni, nikwepe barabara.

Nahodha_Mstaafu
Mwanangu, hapo kwenye ndoto ndipo pa kusimama. Wewe ni mtu wa Jambiani, bahari unaijua. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu yanajaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, yanapwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo siku hizo unapokwenda kazini saa saba na nusu mchana maji yanapanda, unaporudi saa tano usiku yamekwenda mbali, njia safi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: mchana yanapwa, usiku yako juu. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50, wakati saa zako za kazi hazisogei. Maana yake hakuna wiki ambayo ufukwe utakupa njia ngumu kwenda na kurudi siku zote. Siku zingine utabanwa kwenye mchanga mlaini wa juu, chini ya minazi na kuta za hoteli, na huko hata tairi la inchi nne linakunywa nguvu, wewe utafika kazini shati limelowa. Na lami ipo! Paje mpaka Jambiani barabara ni lami. Ukiweka kusi sasa, mwezi wa sita mpaka wa tisa, unarudi usiku upepo uko usoni kwa sababu unaelekea kusini. Tairi nene, upepo mbele, mwisho wa zamu. Mimi ningechukua ya ringi 29 yenye tairi la inchi 2.4, lamini inakimbia, na maji yakipwa inapita ufukweni bila shida.

FundiSpoki
Mzee umemaliza. Naongeza tu kwamba fatibaiki nyingi za chuma zinavuka kilo 18, na pedeli zake zimeachana sana kwa sababu kikombe cha kati, kile kinachoshika ekseli ya pedeli, ni kipana, milimita 100 ambapo cha kawaida ni 68 au 73. Wengine magoti yanalalamika, wengine hawasikii kitu. Jaribu kwanza masafa marefu kidogo, si kuzunguka uwanja.

Theluji_na_Mie
Kuna kitu cha katikati pia, 27.5 ya inchi 2.8 au 3.0. Habu zake hazina upana wa ajabu kama za inchi nne, spea afadhali. Mchanga mlaini haiwezi kama fatibaiki ila si mbaya.

Pweza_Mkavu
Nimewaelewa wakuu, mzee wa maji nashukuru mno. Ila kuna jambo sikulisema. Siku za mapumziko nataka nitembeze wageni, Jambiani mpaka Bwejuu na Michamvi maji yakipwa, na siku niko zamu niikodishe. Wageni wanataka fatibaiki, hawataki 29.

Dada_wa_Pangani
Sasa kumbe ni biashara! Ungesema tangu mwanzo tusingeandika yote hayo. Baiskeli ya kukodisha inapandwa na mtu asiyejua kubadili gia, anaingia nayo mpaka ndani ya maji apigwe picha, halafu anakurudishia anakwambia asante. Wewe ndiye utakayeiosha usiku.

Nahodha_Mstaafu
Kama ni wageni, basi saa ya kutoka unaichagua wewe kwa maji, hapo hoja yangu inapungua. Lakini nakuomba mambo mawili. Usipitishe wageni kwenye mashamba ya mwani, vile vijiti na kamba ni riziki ya kina mama, gurudumu moja linakata kazi ya wiki. Na Paje pale wenye vishada vya kuteleza baharini kamba zao hazionekani kwa mbali, shuka usukume.

MtuWaUkunda
Na kasa! Kasa anataga juu ya mstari wa maji kujaa, mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, uzito wa magurudumu unashindilia mchanga, vitoto vinashindwa kutoka. Endesha chini, kwenye mchanga mbichi, usipande juu. Kule Watamu na huku Diani viota vinawekewa alama, huko sijui watu wako wanafanyaje, uliza wazee wa kijiji kabla hujaanza.

Mzee_Phoenix
Haya, wageni waende na tairi nene, wewe nenda kazini na Phoenix. Mbili kwa bei ya hiyo Farley.

FundiSpoki
Mzee wazo si baya. Pweza, kwa biashara mimi ningekimbia hiyo 27.5x4.5 hata ikishuka bei. Tairi moja likichanika biashara imefungwa. Ya chuma ya 26x4.0 tairi na tyubu unaokoteza, na dada ameshatuonyesha tyubu ya 26 pana inavyovutika. Ila habu nikufungulie mimi kwanza. Nipo Mwanakwerekwe, hapa Unguja mjini.

Kaka_Rotterdam
Mimi nakataa. Breki za waya za bei rahisi kwa mgeni wa kilo mia? Farley ina breki za mafuta na fremu haishiki kutu, ndiyo baiskeli pekee hapo. Matairi mawili namtumia mtu anayekuja likizo Disemba.

Theluji_na_Mie
Aluminiamu haishiki kutu lakini boliti za chuma zikikaa ndani yake na chumvi zinang'ang'ana mpaka zikatike. Wekeni grisi kila boliti.

Pweza_Mkavu
Mwenye Farley kapiga sasa hivi, kashuka hadi milioni moja na laki tatu, na anasema ana tairi moja la akiba. FundiSpoki, Jumamosi upo? Nije nayo uiangalie habu kabla sijatoa hela?

FundiSpoki
Nipo mpaka adhuhuri. Njoo na mwenyewe pia, nataka nimuulize imeingia baharini mara ngapi.

Mzee_Phoenix
Na mimi nakuja kuiona hiyo Farley.