Shamba la Mtongwe limeandikwa "S3m" na "N1". Nipande nini?

MwanaMtongwe:
Salaam aleikum wanajamvi. Marehemu baba ametuachia ekari moja na nusu huku Mtongwe, Mombasa, yateremka kutoka barabarani hadi karibu na mikoko. Mwaka jana nilipanda mahindi kote. Juu, kwenye mchanga, yalifika magotini yakakauka, na mvua haikuwa haba. Chini hayakuota kabisa. Ule udongo ukikauka wafanya ukoko mweupe, ukiuonja ni chumvi. Nikaleta mtu akapima, akaniandikia: mahindi juu S3m, chini N1. Tangu hapo simu yake haipatikani. Ndugu zangu wasema shamba bovu, tuuze. Kaburi la baba liko humo. Nisaidieni.

Fundi Udongo:
Waaleikum salaam kaka, pole kwa msiba. Karatasi hiyo haikusema shamba bovu, imesema mahindi. Alama hizo ni za mfumo wa kupima ardhi wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa 1976. S yafaa, N haifai. S1 yafaa sana, S2 wastani, S3 kwa shida: utavuna, lakini gharama itakaribia kumeza mavuno. N1 haifai kwa sasa, kikwazo chaweza kuondoka ila si kwa gharama ya leo. N2 ndiyo haifai daima. Herufi ndogo ndiyo kikwazo chenyewe, na m ni unyevu. Mchanga wako haushiki maji: leo mvua, baada ya siku mbili ukichimba wakuta pakavu.

Kwa hiyo kipande hicho hicho chaweza kuwa S3 kwa mahindi na kikapanda daraja kwa muhogo au mkorosho, kwa kuwa mimea hiyo yavumilia ukavu. Muombe afisa wa kilimo akupimie tena, kila zao peke yake: muhogo, korosho, minazi, kunde. Sampuli chukua mwenyewe. Tembea kwa kupinda-pinda, chimba mahali kumi na tano kina cha jembe, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Juu na chini usivichanganye, na usichote palipolala mbuzi.

MamaShanzu:
Tena usimsikilize muuza dawa kabla hujapima. Kwangu huku Shanzu, chini ya udongo ni jiwe la matumbawe, udongo hauzidi shibri. Midimu yangu ilikuwa na majani machanga ya manjano, mishipa tu ndiyo kijani. Muuza duka mmoja akaniuzia chokaa, eti udongo wa Pwani una asidi! Nikamwaga magunia mawili, midimu ikazidi kufifia. Baadaye nikaonyeshwa: tia siki kidogo juu ya udongo. Wangu ulichemka povu. Chokaa ilikuwamo tele tangu mwanzo, ndiyo iliyouzuia mti kupata chuma. Nililia, wallahi.

MwanaMtongwe:
Pole sana mama. Na kule chini je? Nichimbe mitaro, nikate mikoko michache nikaushe?

Mzee wa Likoni:
Mwanangu, usiiguse. Mikoko ni msitu wa hifadhi tangu 1932, utashtakiwa. Na hata sheria isingekuwapo, lile tope jeusi linalonuka kama yai viza likikauka na kupata hewa lageuka asidi kali, halioti kitu. Ukanda huo uache, wakushikia ardhi na wazalisha kaa. Pale kati, chumvi inapopungua, jaribu minazi.

MwanaMtongwe:
Ahsante mzee. Leo asubuhi nimechimba juu: vidole vinne vyeusi, kisha mchanga mwekundu mtupu. Shimo la mnazi liende chini kiasi gani?

Mzee wa Likoni:
Mita moja, na upana mita moja. Chini panga makumbi ya nazi tabaka mbili, upande wa ndani utazame juu kama bakuli, yashike maji. Kisha udongo wa juu na samadi iliyooza. Makumbi ninayo rundo zima uani, njoo na mkokoteni Jumamosi.